Mchoro Huu wa Mwili, Umechorwa kwa Ajili ya Nani?

Kama uko jikoni, punguza moto usogee karibu na redio. Kama uko nyuma ya usukani, usisogee popote, wewe sikiliza tu.

Leo nimekuja na vitabu vya mwili wa binadamu, vile vyenye picha. Aliyepita kidato cha pili anavijua: moyo umepasuliwa kati, figo imelazwa ubavu, jicho limekatwa nusu. Na anayakumbuka masharti ya mwalimu wa baiolojia. Penseli iwe imechongwa. Usitie kivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isipishane, isiwe na vishale. Mchoro uwe na kichwa. Ukikosea hayo alama zimekwenda, hata kama moyo uliouchora unakaribia kudunda.

Sasa nikuulize. Masharti yale yanamsaidia nani? Ukiyatazama vizuri, yanamsaidia zaidi msahihishaji. Ana rundo la madaftari, saa nne ya usiku imepita, na anataka kuona haraka kama kila jina limegusa mahali pake. Mchoro ule una mtu wake, na mtu huyo ameshika kalamu nyekundu.

Hilo ndilo la leo, na utanivumilia nikilirudia. Kila picha ya mwili imechorwa kwa ajili ya mtu fulani. Tazama ilivyopangwa ukurasani, utamjua mtu huyo hata kama kitabu hakimtaji.

Twende London, mwaka 1858. Mwaka huo kilitoka kitabu cha anatomia ambacho madaktari mpaka leo wanakiita kwa jina la mwandishi wake: Gray. Henry Gray alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya St George's, kijana bado, umri ulikuwa thelathini na kidogo. Maandishi ni yake. Picha je? Hapo ndipo wengi hupitiwa. Picha ni za mwenzake, mdogo wake kwa umri, Henry Vandyke Carter. Majina ya kwanza ni mamoja, sifa hazikuwa moja, tutafika huko. Carter naye alisomea udaktari, lakini baba yake alikuwa mchoraji, na mkono ule aliurithi.

Kwa mwaka mmoja na nusu hivi wawili hao walipasua maiti, wakatazama, wakachora na kuandika. Maiti za nani? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 iliviruhusu vyuo vya udaktari kuchukua miili ya watu waliofia hospitalini au kwenye nyumba za mafukara, wasiwe na ndugu wa kuja kuwadai. Kwa hiyo miili iliyomo katika kitabu kile ni ya maskini wa London. Jina la daktari liko kwenye jalada, majina yao hayamo popote. Nimelisema mapema kwa sababu, tukianza kuzisifu picha, ni rahisi kuwasahau.

Haya, picha zenyewe. Siku zile vitabu vya anatomia havikukosekana. Vilikuwepo vidogo vyenye picha finyu, na vilikuwepo vikubwa vya fahari, ambavyo mwanafunzi aliishia kuviona kwenye meza ya mwalimu wake. Na ilikuwapo desturi moja ya zamani sana: juu ya mchoro unaweka herufi ndogo au namba, halafu chini ya picha, au hata ukurasa wa pili, unaeleza kwamba *a* ni mshipa fulani na *b* ni msuli fulani.

Fikiria, msikilizaji, uko kituoni Kariakoo. Daladala zinaingia, na usoni, badala ya kuandikwa Mbagala au Gongo la Mboto, zimeandikwa herufi tu: K, M, R. Ukutani kuna karatasi ya kukueleza K inakwenda wapi. Unakimbilia karatasi, unasoma, ukigeuka gari limeondoka.

Carter aliliandika jina juu ya kiungo chenyewe. Mshipa wa damu unapinda, jina linapinda nao. Msuli ni mrefu, herufi zinanyooshwa kufuata nyuzi zake. Mfupa ni mpana, jina linakaa katikati yake kwa raha. Mwanafunzi amesimama mbele ya meza ya kupasulia, vidole vimelowa, kitabu kiko kando. Anatupa jicho mara moja tu. Anaona umbo, anaona jina, na anaona upande ambao mshipa ule unaelekea, yote kwa mara moja. Hana haja ya kupekua ukurasa kwa mikono ile.

Sasa sikiliza kazi iliyokuwamo. Picha zile zilichapwa kwa vipande vya mbao ngumu. Carter alichora juu ya mbao, mchoro ukiwa umegeuzwa, kushoto kukawa kulia, na maneno nayo kinyumenyume, ili wino ukishagusa karatasi kila kitu kirudi mahali pake. Wachongaji wakapokea, wakaondoa mbao pembeni ya kila mstari, wakabakiza mistari yenyewe. Ukiweza, leo chukua penseli uandike jina la ukoo wako kinyumenyume juu ya mstari uliopinda. Ukishamaliza, fikiria kitabu chenye picha 363.

Kwa nini mbao, wakati walikuwapo wachapaji wa bamba la shaba na wa mawe, ambao picha zao zilikuwa laini zaidi? Kwa sababu kipande cha mbao kinaweza kufungwa pamoja na herufi za kuchapia kwenye ukurasa mmoja, vikachapwa kwa mpigo mmoja. Picha ya bamba la shaba au ya jiwe inataka mtambo wake, na mara nyingi karatasi yake. Mbao iliiweka picha ya goti karibu na maneno ya goti. Unasoma, unatazama, unasoma tena, na kidole hakijatoka pale. Vipande vingine vilikuwa vikubwa kuliko ilivyokusudiwa, ikabidi ukurasa uvipishe. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bahati: picha ziliwajaa wasomaji machoni.

Nilisema sifa hazikuwa moja. Carter alilipwa pauni 150, basi, mara moja. Gray alikubaliana na mchapishaji alipwe pauni 150 kwa kila nakala elfu zitakazouzwa. Na ilipokuja karatasi ya majaribio ya ukurasa wa kwanza, Gray alichukua kalamu akakata cheo kipya cha Carter, akaagiza na jina lake lipunguzwe ukubwa. Mwaka uleule wa 1858 Carter alikwenda zake Bombay, India, akafundisha na kuchunguza ukoma na maradhi mengine, akakaa huko karibu miaka thelathini. Gray hakuifaidi sana ile hesabu ya nakala elfu elfu. Alikufa kwa ndui mwaka 1861, ana miaka 34. Mimi binafsi, kila nikisoma maandishi ya Gray, ambayo ni sahihi lakini makavu, huwa najiambia kwamba kitabu kile kingeitwa Gray na Carter haki ingetendeka. Picha ndizo zilizokiuza.

Jambo jingine kabla hatujaondoka London. Watu wa Carter hawatutazami. Ni mkono bila mwenyewe, shingo bila hadithi, tumbo limefunguliwa likatulizwa. Hakuna machungu, hakuna pambo. Tunarudi palepale: mtu wa kitabu hiki ni mwanafunzi na daktari wa kisu. Ana mtihani, halafu ana mgonjwa mezani. Pambo lingemchelewesha.

Lakini je, ilikuwa hivyo siku zote? Hapana. Turudi nyuma miaka zaidi ya mia tatu, mwaka 1543, mji wa Basel. Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, mwalimu wa chuo cha Padua huko Italia, alitoa kitabu kikubwa mno juu ya mwili wa binadamu, kwa Kilatini, chenye picha zaidi ya 200. Mbao za picha zilichongwa Venice, zikapandishwa milima ya Alpi mpaka kwa mchapaji. Ukikifungua unakutana na watu waliochunwa ngozi, nao wamesimama wima, mkono mmoja umenyooshwa, nyuma yao vilima, vijiji na magofu. Kuna kiunzi cha mifupa kimeegemea kaburi, kimeweka mkono juu ya fuvu, kimezama katika mawazo. Ukurasa unaofuata misuli imepungua, unaofuata imepungua zaidi, mpaka mtu anashindwa kusimama.

Urembo wote huo wa nini? Uliza tena swali letu: kwa ajili ya nani? Vesalius alikiweka wakfu kitabu kwa Kaizari Karolo wa Tano. Na wasomaji wake wengine walikuwa wasomi waliomwamini Galeno, tabibu wa kale aliyekuwa amepasua wanyama zaidi, hivyo mambo mengine akayahamishia kwa binadamu. Galeno aliwaambia watu kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Vesalius akaonyesha kwamba kwa mtu mzima ni mmoja. Ukitaka kubishana na mwalimu aliyeheshimiwa zaidi ya miaka elfu moja, tena mbele ya kaizari, huji na kijitabu cha michoro ya penseli. Unakuja umevaa. Na herufi? Ndiyo, picha zile zilijaa herufi ndogo ndogo za kutafutiwa maelezo yake pembeni. Msomi mwenye kiti, meza na mchana kutwa hana shida na hilo.

Sasa linakuja lile ninalolipenda kuliko yote. Mwaka uleule, 1543, Vesalius huyohuyo alitoa kitabu cha pili, kifupi, karatasi zake pana kuliko za kile kikubwa, alichokiita muhtasari. Hicho kilikuwa cha wanafunzi. Mle mlikuwa na kurasa za viungo vya kukatwa kwa mkasi: ini, moyo, mishipa. Unakata, unabandika kimoja juu ya kingine, unajenga mwili wako mwenyewe unaofunguka tabaka kwa tabaka. Na ameeleza ubandike juu ya kitu kigumu ili vidumu. Yaani mwandishi anamwambia msomaji, chukua mkasi ukikate kitabu changu. Nakala iliyotumika sawasawa ni ile iliyokwisha. Kikatoka pia kwa Kijerumani mwaka huohuo, kwa wale ambao Kilatini kiliwapiga chenga.

Mtu mmoja, mwaka mmoja, mwili mmoja, vitabu viwili visivyofanana. Elimu haikubadilika. Aliyebadilika ni mtu wa kukishika.

Na Gray naye yakamkuta hayohayo. Kitabu chake kilipitia toleo baada ya toleo, kila mhariri akiongeza, kikanenepa. Mwaka 2004 wakakipanga upya: badala ya kwenda kwa mifumo, mifupa yote kwanza, kisha misuli yote, kikaenda kwa sehemu za mwili, kwa sababu daktari wa kisu hukutana na mwili kwa sehemu. Anafungua kifua anakuta kila kitu kimo humo. Toleo hilo lilikuwa na kurasa zaidi ya 1,500. Mwanafunzi abebe? Wachapishaji wakatoa kingine, chembamba zaidi, chenye jina la Gray na maneno “kwa wanafunzi” kwenye jalada. Kile cha kwanza kilizaliwa kwa ajili ya wanafunzi, msikilizaji, kikakua mpaka wanafunzi wakahitaji chao.

Nahamia kwenye ngozi sasa, maana picha za Carter zinaanzia chini ya ngozi. Ukishaiondoa, maiti ya fukara wa London na ya mvuvi wa Kilwa hazina tofauti ya kumsumbua mchoraji. Lakini daktari wa kila siku anaanza na ngozi. Anatazama upele, anatazama midomo kama imebadilika rangi, anatazama kama mtoto amegeuka manjano. Na vitabu vingi vya kufundishia, picha za mambo hayo ni za watu weupe. Kitabu kinasema upele utakuwa mwekundu. Mama, wewe uliyeuguza mtoto mwenye surua, upele ule uliuona mwekundu kama wa kitabuni? Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi unaonekana kwa namna nyingine: weusi uliozidi, ukavu, vipele vinavyohisiwa na kiganja kabla ya kuonekana na jicho. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa picha za upande mmoja anaweza kumtazama mgonjwa asione kitu.

Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake wawili, walitoa kitabu cha picha za dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na za kahawia. Alikuwa anasoma wapi? St George's, London, chuo kilekile kilichotokana na hospitali ya Gray na Carter. Alikuwa mwaka wa pili tu, na kwenye masomo alikuwa akiuliza: dalili hii kwa mtu mwenye ngozi kama yangu inaonekanaje? Mwaka uliofuata mchoro wa Mnigeria Chidiebere Ibe, unaoonyesha mtoto mweusi tumboni mwa mama mweusi, ulizunguka dunia nzima kwenye simu. Watu wengi walikiri hawajawahi kuona mchoro wa namna hiyo. Mimi nilishangazwa zaidi na mshangao wao. Mimba za watu weusi si habari mpya hapa duniani. Ila wachoraji walikuwa na mtu wao kichwani, na mtu huyo hakuwa mama huyu.

Muda unatukimbia, lakini siwezi kuondoka bila kukigusa kitabu ambacho baadhi yenu mnacho nyumbani, pengine jalada limeshang'oka. Kwa Kiswahili kinaitwa *Mahali Pasipo na Daktari*. Kilianzia milimani Mexico, kwa Kihispania, mwanzoni mwa miaka ya 1970; Kiingereza kikafuata mwaka 1977. Aliyekiandika, David Werner, alikuwa mwalimu wa baiolojia, na picha nyingi alizichora mwenyewe.

Ukikifungua utaona watu. Wana nguo, wana nyuso, wana watoto mgongoni. Kuna mikono inayofunga bendeji, kuna mtu analazwa ubavu. Viungo vya ndani ni vichache. Kwa nini? Kwa sababu mtu wake hana mpango wa kupasua. Ni mhudumu wa afya kijijini, ni mama, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyeamshwa usiku kwa kuwa yeye ndiye anayejua kusoma. Anachotaka kujua ni afanye nini kwa mikono yake, sasa hivi.

Nikupe mifano miwili ya karibu. Wa kwanza, maelekezo ya dawa kwa asiyejua kusoma. Kitabu kimechora karatasi ndogo yenye jua linachomoza, jua la utosini, jua linatua, na mwezi. Chini ya kila picha kuna nafasi. Mhudumu anachora pale kidonge kizima, au nusu yake, au robo, halafu anaeleza kwa mdomo. Mzee akifika nyumbani anatazama jua. Na juu ya karatasi hiyohiyo maelezo yameandikwa kwa maneno, ili mjukuu anayesoma naye aweze kuhakikisha.

Wa pili, maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Mizani hakuna, kijiko cha jirani si sawa na chako. Kitabu kinasema weka chumvi, onja kabla ya kuweka sukari, isizidi ukali wa machozi. Hebu fikiria kipimo hicho. Kila mama anacho, hakipotei, hakiibiwi.

Nimewahi kumsikia mtu aliyesoma sana akikidharau kitabu hiki, kwamba picha zake ni za kitoto. Namwuliza: za kitoto kwa nani? Ungempa mhudumu wa zahanati ya kando ya ziwa kitabu cha Gray, chenye kila tawi la kila mshipa wa shingo, usiku ule wa kuharisha angekifungua ukurasa gani?

Basi mzazi unayekwenda dukani kumnunulia mwanao kitabu cha mwili wa binadamu, fanya hivi. Kifungue kwenye picha yoyote, weka kidole juu ya kiungo kimoja, utafute jina lake. Ukilazimika kugeuza ukurasa, kirudishe. Halafu mwite mtoto mwenyewe, mwache ajaribu bila wewe kumsaidia, maana atakayekisoma ni yeye. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje.

Na kwa wewe mwenye *Mahali Pasipo na Daktari* nyumbani: zile kurasa za kijani ni za dawa. Mbele ya dawa wameacha nafasi ya bei bila kuandika kitu, kwa kuwa mwandishi hajui duka la kwenu linauzaje. Nafasi hiyo ni yako. Chukua penseli, bei ikipanda ufute. Mimi naishia hapo kwa leo. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumzia ramani za shuleni. Usiku mwema.